Waliuza ng'ombe ili mama apumzike

Bibi wa kisa hiki ana miaka 78, ni mjane, anaishi kwenye kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, cha marehemu mumewe huko Machame, wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Ameniruhusu nikieleze kisa chake, nami nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Mwanawe mkubwa alimleta kliniki akiwa ameshafikia uamuzi: mama amechanganyikiwa. Anauliza jambo lile lile mara tatu. Chakula hagusi. Mchana anasinzia kwenye kochi, usiku anazunguka nyumba nzima. Alikuwa ameshaanguka zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho ilikuwa usiku wa manane akielekea chooni, akachubuka paji la uso. Walikopita kabla ya kufika kwetu waliambiwa ni uzee, wamzoee hivyo hivyo. Shemeji yake alikuwa na maelezo mengine, kwamba kuna jambo la marehemu halikukamilishwa.

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu kubwa ni kuwatembelea wazee majumbani. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu hakina mtu mbaya. Wanawe wanampenda, hakuna aliyemtelekeza, pesa zinatumwa kila mwezi. Ninavyoona mimi, sehemu kubwa ya ugonjwa wake ilitokana na namna walivyomtunza, na familia nyingi ninazozijua hapa mlimani zinatunza wazee wao kwa namna hiyo hiyo.

Kabla na baada ya msiba

Mumewe alipokuwa hai, bibi aliamka saa 11 alfajiri kukamua. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, wa ndani, kama walivyo wengi hapa kwetu ambako hakuna malisho ya kuachia mifugo. Akishakamua anatenga maziwa ya nyumbani, mengine yanakwenda kwa majirani. Baadaye anaingia kwenye migomba kukata majani, anasafisha banda, samadi anaitupia mashinani. Jioni anakamua tena, na watoto wa jirani wanakuja na vichupa vyao. Siku ya soko anateremka na mkungu au mboga. Asubuhi ya jumuiya, ibada ya majirani wa kanisa, hakosi, na sadaka anatoa kutoka kwenye pesa ya maziwa, iliyofungwa kwenye ncha ya khanga.

Baada ya kuanua matanga wanawe walikaa kikao. Mmoja alijitolea kuweka vigae nyumba nzima. Mwingine akanunua televisheni na king'amuzi. Binti akatafuta msichana wa kazi. Ng'ombe akauzwa, maana kukata majani katika umri ule waliona ni mateso, na majirani wangesema nini. "Umefanya kazi miaka yote, mama. Sasa pumzika." Nilipomuuliza bibi kama alikubali, alinijibu kwamba hakuulizwa, lakini wanawe walikuwa wamejinyima, angekataaje?

Hadi analetwa kliniki ulikuwa umepita mwaka mmoja na ushee.

Tulichokikuta

Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akamtazama mwanawe. Nikarudia kwa sauti zaidi upande wa kulia, akaitikia marahaba. Kwa hiyo tulianza na masikio. La kushoto lilikuwa limezibwa kabisa na nta ngumu, la kulia nusu. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, la kulia likiwa baya zaidi. Nasema haya kwanza kwa makusudi, kwa sababu mzee asiyesikia swali na asiyeona uso wa anayemuuliza atajibu ovyo, na majibu hayo ndiyo yanayoitwa kuchanganyikiwa.

Dawa zake zilikuja ndani ya kopo la siagi. Nilizimwaga mezani na kuzipanga. Kulikuwa na mbili za presha. Kulikuwa na ya kukojoza, ambayo msichana alikuwa akimpa jioni pamoja na nyingine zote ili asisahau. Kulikuwa na amitriptilini, aliyopewa mahali ili apate usingizi, na Piriton ya kuwashwa, iliyonunuliwa duka la dawa na kuendelea kunywewa muda mrefu baada ya muwasho kuisha. Hizi mbili za mwisho zina tabia inayofanana: kwa mzee zinakausha mdomo, zinafunga choo, zinazuia mkojo kutoka vizuri, na zinavuruga akili kiasi cha kumfanya aonekane mgonjwa wa kusahau. Akizinywa pamoja madhara yanajumlishwa. Halafu ile ya kukojoza inamwamsha katikati ya usiku, kichwa kizito kwa amitriptilini, miguu dhaifu, macho hayaoni, kwenye vigae vipya, akiwa na ndala. Kuanguka kwake hakukuhitaji sababu nyingine.

Tulimpima presha akiwa amelala, kisha akasimama tukapima tena. Ilishuka kwa zaidi ya 20 kwenye namba ya juu, na akashika meza. Kipimo hiki hakigharimu chochote zaidi ya dakika chache, na bado wazee wengi wa presha hawajawahi kupimwa wakiwa wamesimama. Sukari, damu, mkojo na VVU havikuonyesha kitu cha kutisha, isipokuwa damu kuwa pungufu kidogo.

Kisha miguu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kuwahudumia wazee, linapendekeza jaribio rahisi: mzee akae kwenye kiti, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara 5. Akishindwa kumaliza ndani ya sekunde 14, uangalie zaidi. Bibi alisimama mara moja kwa kujisukuma na mikono, mara ya pili akarudi chini. Huyu ni mwanamke ambaye alikuwa akiinuka kutoka kwenye kigoda cha kukamulia asubuhi na jioni.

Nimeliacha suala la akili mwisho kwa sababu ndilo lililomleta. Tulitumia kipimo cha kumbukumbu na akili kiitwacho IDEA, ambacho watafiti wa Tanzania na Uingereza walikianzisha kwa kufanya kazi na wazee wa hapa hapa Hai. Kinafaa kwa mtu ambaye hakukaa darasani, maana hakimtaki aandike wala achore. Anaulizwa daraja ni nini. Anaulizwa kiongozi wa kijiji ni nani, na leo ni siku gani. Anataja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Anasomewa maneno 10 na baadaye anaombwa ayakumbuke. Mwisho anapewa njiti 4 za kiberiti azipange kama anavyoonyeshwa.

Daraja, alisema, ni pale unapovukia mto bila kulowa. Mwenyekiti wa kijiji alimtaja kwa jina na kuongeza kwamba mfereji wa juu umebomoka na hajaushughulikia. Mtu aliyepotea hajibu hivyo. Njiti alizigusagusa bila mpango mpaka nilipomsogeza dirishani kwenye mwanga. Hapo akapanga tatu sawasawa na ya nne akaigeuza kichwa chini. Maneno 10 alishindwa vibaya, na nusu yake nadhani hakuyasikia. Siku ya wiki hakuijua. Hili lilinigusa nilipoambiwa maisha yake ya sasa yalivyo, kwa sababu siku ya soko hateremki tena, jumuiya amezuiwa kwa kuwa njia ina utelezi, na televisheni inawaka kutwa. Jumanne na Ijumaa zilikuwa zimepoteza alama zake.

Alama alizopata zilimweka upande wa kushukiwa. Lakini kitu kimoja kilinifanya nisite. Maswali mengi aliyoshindwa aliyajibu kwa "sijui" ya haraka, bila kujaribu, na macho chini. Mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi hubuni jibu au huzungukazunguka. "Sijui" ya namna ile nimeizoea kwa watu wenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Nilipomuuliza maswali ya sonona, kwa sauti, sikio la kulia, msichana akiwa nje, alisema hana hamu na kitu, usingizi umekatika, na kwamba yeye sasa ni mzigo. Kujiua hakuwa amewaza. Aliwaza tu kwamba ingekuwa vyema Mungu amchukue kabla wanawe hawajaishiwa pesa.

Ng'ombe alikuwa amebeba nini

Hapa ndipo kisa kilipo. Orodha ya nta, macho na dawa ni muhimu, na tuliishughulikia, lakini mtu huyu alikuwa na mtoto wa jicho na presha hata mumewe akiwa hai, na alikuwa anasimama wima. Kilichobadilika ni ng'ombe.

Maziwa kwanza. Bibi ana meno machache, nyama haiwezi, maharage yanamjaza gesi. Protini yake kwa miaka ilikuwa maziwa, kikombe kikubwa asubuhi na kingine jioni, pamoja na yale yanayotiwa kwenye mtori. Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na yeye ana kilo 48. Nusu lita ya maziwa ina takriban gramu 16. Ng'ombe alipoondoka, msichana alianza kumpa chai ya rangi na mkate, kwa kuwa maziwa sasa yalikuwa ya kununua na hakuna aliyesema yanunuliwe. Mwanzoni hakuna aliyeona kwamba mama ameacha kula, kwa sababu alikuwa bado anakunywa chai.

Pili, misuli. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 uliowalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu, na wakapoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Kochi si kitanda, lakini mwaka si siku 10. Mzee anapoteza misuli haraka na kuirudisha polepole, hasa akiwa hapati protini. Kuchuchumaa bandani, kuinuka, kubeba ndoo nusu, kupanda kihamba na kushuka: hayo ndiyo yaliyokuwa mazoezi yake, na yaliondolewa yote kwa siku moja.

Tatu, watu. Wale watoto wa vichupa walikuwa wanamsalimia kila jioni, wanampa habari za kwao, anawakemea kwa kuchelewa. Walipokosa maziwa walikwenda nyumba nyingine. Hawakumsusa, ila hawakuwa na sababu ya kupita.

Nne, pesa, na hili nalisisitiza kuliko mengine kwa sababu wanaume wa familia walishangaa nilipolitaja. Wanawe walikuwa wanatuma za kutosha, kwa M-Pesa, kwenye simu ya msichana. Bibi alikuwa anaomba nauli. Alikuwa anaomba ya sadaka. Mwanamke aliyekuwa na pesa yake kwenye ncha ya khanga tangu alipoolewa, sasa anamwomba binti wa miaka 19 amtolee elfu moja, na binti anampigia kaka kuuliza. Zanzibar, ilipoanza mwezi Aprili 2016 kumlipa pensheni kila mkazi aliyetimiza miaka 70, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni ndogo, lakini ilikuwa ya mzee mwenyewe, haimpitii mtoto wake. Bara hatuna mpango wa namna hiyo kwa wote, kwa hiyo heshima ya pesa ya mzee iko mikononi mwa watoto.

Na tano, alikuwa na kiumbe kinachomtegemea. Asipoamka, ng'ombe analia. Mtu aliyefiwa na mume wa miaka yote anahitaji kitu cha kumwinua kitandani asubuhi ya kwanza, ya pili na ya mia. Wakampunguzia hicho pia, wiki zile zile za msiba.

Sisemi wazee waachwe wabebe majani hadi wafe. Najua bibi walio katika hali iliyo kinyume kabisa. Kule Muleba, Kagera, shirika la Kwa Wazee limefanya kazi miaka mingi na wazee wanaolea wajukuu walioachwa na UKIMWI. Kwa hao mapumziko ni dawa na pesa ni chakula. Ninachosema ni kwamba kuna kazi inayomchosha mzee na kuna kazi inayomshikilia, na anayejua tofauti ni yeye. Kikao cha familia hakikumuuliza.

Tulichofanya

Daktari aliondoa amitriptilini kwa kuipunguza taratibu, akasimamisha Piriton siku ile ile, akahamishia dawa ya kukojoza asubuhi na kupunguza moja ya presha. Nta ililainishwa kwa matone, kisha ikasafishwa. Macho yalipewa rufaa, na jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji.

Chooni iliwekwa taa inayowaka usiku kucha. Zulia dogo la mlangoni, ambalo binti yake alilileta kama zawadi, liliondolewa. Ndala zikabadilishwa na viatu vya mpira vyenye kisigino cha kushika. Haya yote yalichukua mchana mmoja.

Kazi ngumu ilikuwa kikao cha pili cha familia. Niliomba bibi akae kwenye kiti kinachowatazama wote, mwanga ukiwa usoni mwao ili aone midomo, na kila mmoja aongee kwa zamu. Kaka mkubwa aliuliza, kwa uchungu wa kweli, "Kwa hiyo dada, tulimkosea mama?" Nilimjibu kwamba walimpa walichokuwa nacho, sasa wampe nafasi aseme anachokitaka. Bibi alikaa kimya mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema ng'ombe hamtaki tena, majani ni mazito kweli na magoti yanauma, hilo walilijua. Anataka mbuzi wa maziwa wawili na kuku. Anataka bustani ya mboga karibu na jiko. "Na sadaka yangu niitoe mwenyewe."

Laini ya simu ilisajiliwa kwa jina lake, simu ya vitufe vikubwa, na pesa zinaingia hapo. Msichana bado anamsaidia kutoa kwa wakala, ila sasa bibi ndiye anayemtuma. Kijana wa jirani analipwa kukata majani ya mbuzi. Kukamua ni kwa bibi mwenyewe, kwenye kigoda kilekile, ambacho tulikiinua kidogo kwa kupigilia ubao. Mtaalamu wa fiziotherapia alitaka asimame na kukaa kitini kila siku, akishika meza mwanzoni. Tukaunganisha zoezi na kukamua, mara 5 kabla ya kukaa na mara 5 baada ya kumaliza, kwa sababu zoezi lisilo na kazi ndani yake analisahau au analidharau.

Kwa sonona hatukumwanzishia dawa. Baada ya kumtoa kwenye amitriptilini na Piriton nilitaka kwanza tuone shughuli na watu vitafanya nini, tukimtembelea kwa karibu na kumuuliza wazi kuhusu kifo kila mara. Kama angekuwa anataka kujiua, au amekataa kula kabisa, tungekwenda njia nyingine bila kusubiri. Wanawake wa jumuiya wanampitia asubuhi na kumshika mkono kwenye mteremko. Pia aliombwa kumfundisha mke wa mjukuu wake kukamua mbuzi, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wetu, na nadhani lilifanya kazi kuliko mengi tuliyoyapanga.

Hilo halikunishangaza. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi na kusikiliza watu wenye sonona na mawazo mengi. Jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha waliohudumiwa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo sasa uko hata Zanzibar. Wakati wote tunajadili nani awasaidie wazee, kule wazee ndio wahudumu.

Alipo sasa

Hajaanguka tena tangu dawa zibadilishwe. Kitini anasimama mara 5 bila mikono, ingawa sekunde 14 bado hazimtoshi. Gauni limeanza kumkaa. Usingizi si mzuri kila siku, lakini usiku hazunguki. Majirani wananunua mayai kwake, na mmoja wa wale watoto wa vichupa, ambaye sasa yuko sekondari, anakuja kumchajia simu.

Kaka mkubwa alirudi na wazo la kumhamishia Dar es Salaam, kwenye nyumba yake, ili awe karibu na hospitali. Nililipinga, na nilimweleza kwa nini. Kule atakuwa ndani ya geti kutwa, wote wakiwa kazini na shuleni, hajui jina la jirani hata mmoja, na atakuwa amerudi kochini. Anachokipata Dar kwa ukaribu wa hospitali atakipoteza kwa miguu na kwa watu. Bibi naye alisema mumewe amezikwa pale kihambani na nani atapalilia. Tulikubaliana masharti matatu ya kulifungua tena jambo hilo: akivunjika, akishindwa kujipeleka chooni, au akiomba mwenyewe.

Suala la kumbukumbu sijalifunga. Tulirudia IDEA baada ya masikio kusafishwa na dawa kutoka mwilini, na safari hii alivuka mstari wa kushukiwa, akijua kwamba ni Ijumaa kwa kuwa kesho yake ni soko. Lakini maneno 10 bado yanampa shida, na sonona inayoanza uzeeni wakati mwingine hutangulia ugonjwa wa kusahau. Utafiti uliofanywa hapa Hai kwa watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi ulikadiria kwamba asilimia 6.4 wana ugonjwa huo. Maana yake ni kwamba wengi hawana, na kwamba wapo walio nao wasiojulikana. Tutampima tena jicho la pili likishafanyiwa upasuaji, kwa njiti zile zile. Ikionekana anao, hapa Hai pia yalishafanyiwa majaribio mazoezi ya akili ya vikundi kwa wazee wenye tatizo hilo, na matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Wanawe nimewaomba wasianze kumnyang'anya mbuzi kabla jibu halijapatikana, na hata likipatikana tuzungumze kwanza, yeye akiwepo.